Fataki hupangwa na ganda: maswali yenu na majibu

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza, ambako mwenye kibali hununua maganda, fataki (kile kikombe kidogo chenye kilipuzi kinachotiwa kitakoni mwa ganda, kikipigwa na pini huwasha baruti), baruti na vichwa vinavyoruka akajijazia risasi mwenyewe. Chache zimetoka hapa nyumbani. Kwa hawa wa nyumbani natanguliza neno moja: kibali cha kumiliki bunduki si kibali cha kutengeneza risasi. Mwenye shaka aende kituo cha polisi akaulize kabla hajashika hata fataki moja.

"Nimenunua mashine ya kujazia. Fataki ndogo na fataki kubwa, ipi bora?" (Msomaji wa Houston, asili yake Mkunazini)

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara linakuja pungufu. Huchagui wewe, ganda limeshachagua. Shimo la kitakoni mwa ganda limetobolewa kwa fataki ya inchi 0.175, yaani milimita 4.45, au kwa ile ya inchi 0.210, yaani milimita 5.33. Ya kubwa haiingii kwenye shimo dogo, na ya ndogo haishiki kwenye shimo kubwa. Tena aina ni nne, si mbili, kwa sababu kila ukubwa una ya bastola na ya raifali. Kwa majina ya kaliba, yaani vipimo vya risasi: ganda la 9mm, la .38 Special na la .357 Magnum hupokea ndogo ya bastola. La .44 Magnum, kubwa ya bastola. La .223, ndogo ya raifali. La .308, la .30-06 na la .375 H&H, kubwa ya raifali.

Wewe hukuniambia hata kaliba. Ukiandika tena nitajie kaliba, maandishi yaliyogongwa kitakoni mwa ganda, jina la baruti na uzito wa kichwa. Atakayekujibu bila ya kukuuliza hayo manne, usimsikilize.

Yapo maganda machache ambayo kiwanda kimoja huyatoboa kwa fataki ndogo na chengine kwa kubwa. Hapo ndipo penye mjadala wa kweli, na barua mbili zinazofuata zinahusu hayo.

"Najaza .45 ACP. Mashine inakwama kwenye hatua ya fataki, nikisukuma kwa nguvu inapita. Ni kasoro ya mashine?" (Dallas)

Acha kusukuma. Leo hii, kabla hujafanya lolote jengine.

Mashine yako haina kasoro. Umechanganya maganda. Kwa miaka mingi .45 ACP ilikuwa na shimo kubwa peke yake, kisha viwanda kadhaa, Federal na Blazer miongoni mwao, vikaanza kuitoa na shimo dogo pia. Ukiokota maganda uwanjani unaokota yote mawili, na kwa nje hayana tofauti mpaka uyapindue. Ganda la shimo dogo likifika kwenye hatua iliyowekewa fataki kubwa, fataki inagota ukingoni. Mkono unahisi uzito, na aliyezoea kwenda mbio hukandamiza mpini. Fataki ni kilipuzi kinachowaka kwa kubonyezwa na kupigwa, na wewe unakibonyeza kwa mpini wenye nguvu ya kukunja shaba. Juu ya mashine ya hatua nyingi kuna mrija uliojaa fataki nyengine, hadi 100 kwa wakati mmoja. Ikiwaka moja ya chini, mrija mzima unaweza kufuata, na mrija huo unakaa karibu na uso wako. "Inapita" uliyoandika maana yake umeshabahatika zaidi ya mara moja.

La kufanya ni hili. Mwaga maganda yote kwenye meza yenye mwanga, vitako juu, uyatenge mafungu mawili kwa macho na vidole. Usiyatenge kwa kuyapitisha mashineni. Kila fungu litie chombo chake, uandike kwa kalamu isiyofutika. Jaza fungu moja mpaka liishe, ndipo ubadilishe vipuri vya fataki ujaze la pili. Kwenye shabaha ya kawaida fataki ndogo inafanya kazi vizuri tu katika .45, ila usihamishe kipimo cha baruti kutoka fungu moja kwenda jengine ukadhani ni kitu kimoja. Anza chini, upande taratibu, kila fungu kivyake. Miwani ya kukinga macho si ya hiari wakati wa kutia fataki, hata kama unatia moja moja kwa mkono.

"Kwa 6.5 Creedmoor kuna maganda ya fataki ndogo na ya kubwa. Wenzangu wa masafa marefu wote wamehamia ndogo. Nihame?" (Birmingham)

Hili ni swali zuri, na limekuja na maelezo kamili.

Kiwanda cha Hornady kilipoitoa 6.5 Creedmoor, kaliba ya raifali, mwaka 2007 ilikuwa na fataki kubwa ya raifali. Kiwanda cha Lapua kikaja miaka kumi baadaye na ganda la fataki ndogo, lenye tundu la moto (lile linalopitisha moto wa fataki kwenda kwenye baruti) la milimita 1.5 badala ya lile la kawaida la karibu milimita 2. Faida yake ya kwanza ni nguvu. Shimo likiwa dogo, shaba inayobaki kitakoni ni nyingi zaidi, na shimo halilegei upesi. Kwa anayejaza karibu na kiwango cha juu, ganda la fataki kubwa huanza kushika fataki kwa ulegevu mapema, wakati la fataki ndogo linaendelea na kazi. Faida ya pili inayosifiwa ni mwendo wa risasi kuwa sawasawa zaidi, kwa sababu moto mdogo hausukumi baruti na kichwa kabla baruti haijashika. Hiyo ipo kwa baadhi ya mitutu na baadhi ya baruti. Haipo kwa yote, na anayekuahidi kwamba utaiona anakuuzia maganda.

Sasa gharama zake, ambazo wenzako hawakukutajia. Pini ya kutolea fataki kuukuu iliyo kwenye dai yako ya kawaida (kile kipuri cha mashine kinachonyoosha ganda) ni nene kuliko tundu la milimita 1.5. Itanasa au itavunjika, kwa hiyo nunua pini nyembamba kabla ya ganda la kwanza. Pili, angalia pini ya kupigia ya bunduki. Raifali iliyotengenezwa kwa fataki kubwa mara nyingi ina pini nene na tundu lililolegea kidogo. Fataki ndogo kwenye mkandamizo wa juu inaweza kufura ndani ya tundu hilo au kutoboka, na gesi ikarudi nyuma. Ukiona kiduara kilichoinuka kuzunguka alama ya pini, au tundu dogo katikati yake, simama hapo mpaka fundi wa bunduki aione. Tatu, baridi. Ganda hili lina baruti nyingi mno kuwashwa kwa cheche ndogo, na kwenye baridi ya kuganda, hasa kwa baruti za chembe za duara, risasi huchelewa kuwaka au haiwaki kabisa. Wewe uko Birmingham, si Kizimkazi, na mashindano ya Januari yapo.

Kwa hiyo: mtu wa shabaha, anayejaza karibu na juu na anayetaka maganda yadumu, ahame, atumie fataki ndogo ya raifali yenye kikombe kinene. Mwindaji wa majira ya baridi abaki na kubwa. Na kila anayehama aanze asilimia 10 chini ya kiwango cha juu cha kitabu cha vipimo vya kujazia. Kipimo cha zamani kimekufa pamoja na ganda la zamani.

"Fataki za bastola zimeadimika. Naweza kutia za raifali?" (wasomaji watatu, kwa maneno karibu yale yale)

Kwa zile kubwa, hapana. Kubwa ya raifali ina kimo cha inchi 0.128 hivi, kubwa ya bastola 0.120. Kipenyo ni kimoja, ndiyo maana inaingia, na ndiyo maana watu wanadhani inafaa. Kwenye ganda la bastola ile ya raifali inabaki imechomoza, na mlango wa bunduki ukijifunga kwa kishindo unaweza kuipiga kabla hujagusa kifyatuo. Ukigeuza, ya bastola kwenye ganda la raifali inazama mno, pini inaifikia kwa shida, na kikombe chake chembamba hakikuumbwa kwa mkandamizo wa raifali. Fataki iliyokaa sawa huwa chini kidogo ya uso wa kitako, kati ya inchi 0.003 na 0.005. Pitisha kidole juu ya kila ganda. Ukihisi mwinuko, liweke kando.

Zile ndogo zina kimo karibu sawa, ndiyo maana baadhi ya wajuzi hutumia ndogo ya raifali kwenye bastola. Kikombe chake ni kinene zaidi, na bastola yenye springi dhaifu haitaiwasha. Kinyume chake, ndogo ya bastola kwenye .223, ni hatari tupu. Bunduki za aina ya AR, raifali zinazojipakia zenyewe, zina pini inayoelea na kugusa fataki kila mlango unapofunga, na kikombe laini kinaweza kuwaka hapo hapo. Kwa bunduki hizo nunueni fataki ngumu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama namba 41 za kiwanda cha CCI. Zikikosekana, subirini.

"Fataki ya magnum ina moto zaidi. Niitie kila mahali?"

Hapana. Itie pale kitabu kilipoitaja, na ukiitia, anza upya kutoka chini.

"Nimepewa maganda ya jeshi, pini ya kutolea fataki imevunjika mara mbili." (Muscat)

Chungulia ndani kwa tochi. Ukiona matundu mawili madogo ya pembeni badala ya moja la katikati, hilo ni ganda la Berdan, na pini yako imekuwa ikipiga shaba nzima. Hayo hayajazwi kwa vifaa vya kawaida. Yauze kwa kilo. Hiram Berdan alikuwa Mmarekani na Edward Boxer Mwingereza, na leo karibu Marekani yote inatumia fataki ya Boxer, ya ganda lenye tundu moja la katikati, huku baadhi ya majeshi ya Ulaya na Mashariki yakiwa yameshika ya Berdan.

"Vichwa vya viberiti vinaweza kuwa fataki?" (Mwanakwerekwe)

Sijibu, na aliyekufundisha hivyo atakupotezea vidole.

"Ni msasi mwenye kibali. Risasi zangu za shotigani nyengine hazilii. Je, fataki ni ndogo mno?" (Makunduchi)

Sivyo. Shotigani ya leo, ya geji 12 au 20, hutumia fataki ya aina ya 209, na aliyezijaza kiwandani hakukosea. Tatizo lako ni hewa. Risasi za karatasi hufura, kitako cha chuma hupata kutu, na unyevu huingia kwenye fataki polepole. Ziweke kwenye boksi la bati la jeshi lenye mpira mzima mfunikoni, pamoja na pakiti za kukausha unyevu, mbali na ukuta wa chokaa unaotoa jasho wakati wa masika. Usizipake mafuta. Mafuta mepesi ya kupulizia hupenya ukingoni mwa fataki na kuiua, na wengi huua risasi zao kwa kuzihurumia hivyo. Iliyokataa kulia, shika bunduki ikielekea salama, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue. Yenye kutu shimoni au iliyofura usiipige wala usiifungue. Ipeleke polisi.

"Babu ameacha gobori la fataki, limetundikwa ukutani. Jamaa yuko Uingereza, aniletee kofia ndogo au kubwa?" (Wete)

Kofia ndiyo fataki ya gobori, nayo huvishwa kwa nje. Zipo ndogo, namba 10 na namba 11, na ipo ile kubwa yenye masikio, ya bunduki za kijeshi. Inayofaa hujulikana kwa kupima kile kijiti cha chuma chenye tundu kinachovishwa kofia. Kofia ndogo mno haikai mpaka uigonge, na hapo inaweza kuwaka mkononi. Kubwa mno huanguka. Lakini jamaa yako asilete yoyote. Fataki ni marufuku kwenye ndege, ndani ya begi la mkononi na la chini, na huku atazishusha kwa sheria gani?

Lililo muhimu zaidi hukuniuliza. Magobori yalitundikwa yakiwa yamejazwa, tayari kwa mnyama wa shambani au mwizi wa usiku, na baruti nyeusi ikikaa kavu haifi hata baada ya miaka 100. Usivute mtambo. Bila kuweka kichwa wala mkono mbele ya mdomo wa kasiba, ingiza ufito mkavu wa mti taratibu mpaka ugote, uutie alama pale mdomoni, uutoe, kisha ulaze ufito nje sambamba na kasiba, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ikifika kwenye kile kijiti cha kofia, kasiba ni tupu. Ikipungukiwa na vidole viwili au zaidi, humo mna kitu. Usichokoe, usitoboe, usitie moto wala mafuta. Lielekeze kasiba kwenye ukuta mzito usio na chumba nyuma yake, toa watoto, na uwaite polisi waje lilipo, usilibebe barabarani.

Kama ni tupu, bado usilipige. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, na majivu yake huvuta unyevu kama chumvi ya mezani wakati wa masika, kwa hiyo chuma cha ndani huliwa hata kama nje kunang'aa. Hilo la babu yako limekula hewa ya bahari ya Pemba tangu lilipotundikwa. Kasiba ya namna hiyo hupasuka karibu na uso wa mpigaji. Sheria nayo inalihesabu kuwa silaha mpaka mwenye mamlaka aseme vyengine, basi kaliandikisheni kabla hamjaanza kugawana urithi.