Funguo zote za depo ninazo mimi, na mwili umechoka

*Jambo Shangazi. Nina depo ya unga hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya. Unga wa mahindi nauleta kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nauza kwa mifuko ya kilo 25 na kwa meka, kile chombo cha kupimia unga wa rejareja. Nina vijana wawili: mtoto wa dada yangu, aliyemaliza sekondari, na mwingine wa kubeba mifuko. Lakini kufungua, kupokea gari, kuuza, kuhesabu pesa, kudai madeni, vyote nafanya mwenyewe. Miaka miwili iliyopita nilimwachia mtu mauzo, akanila. Nilishtuka baada ya miezi mitatu, na mpaka leo sijui alichukua kiasi gani. Tangu hapo funguo hazitoki kwangu. Mwezi uliopita malaria ilinilaza siku nne, depo ikafungwa siku nne, wateja wakaenda kwa jirani. Mume wangu anasema nimwachie kijana kazi. Najua anasema kweli, ila kila nikitaka kumpa ufunguo, moyo unakataa. Nifanye nini? — Mama wa Depo*

Mama, pole kwa malaria, na pole zaidi kwa ile hasara. Moyo unaokataa baada ya kuibiwa hauna kosa, kwa hiyo sitakuambia "mwamini tu kijana." Ulishaamini mara moja, na unajua kilichotokea.

Nataka tusimame kwenye neno moja la barua yako: hujui aliiba kiasi gani. Miezi mitatu mali ilikuwa inatoka na hakuna karatasi iliyoonyesha. Mtu yule alikuwa mwizi, sawa, lakini angekuwa mwaminifu pia usingejua. Ulimkabidhi mauzo bila kukabidhiana hesabu. Ndiyo maana leo unaona njia ni mbili tu, kufanya yote mwenyewe au kufumba macho na kuomba Mungu. Njia ya tatu ni kuachia kazi ya mikono na kubaki na hesabu. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza, usigawe kila kitu. Bei ya kuuzia, kununua Kasumbalesa, kukopesha, kuweka pesa benki na kuajiri vibaki kwako mwaka huu wote. Toa mauzo ya kila siku na upokeaji wa gari. Kazi hizo zinakula saa zako nyingi kuliko zote, zinajirudia kila siku kwa namna ileile, na kosa lake linaonekana jioni hiyohiyo ukiwa na daftari. Watu wengi hufanya kinyume: wanampa kijana pesa akanunue mzigo, kwa sababu safari inachosha, huku wao wamekaa kwenye kiti cha kuuza meka. Mzigo mmoja ukinunuliwa vibaya unaweza kumeza faida ya mwezi. Meka moja ikipimwa vibaya inakupotezea kikombe cha unga.

Sasa funguo, maana hapo ndipo moyo wako umekwama. Tenganisha stoo na duka. Stoo kufuli lake, ufunguo kwako. Duka kufuli lake, ufunguo kwa kijana. Asubuhi, au jioni ya kuamkia siku hiyo, toa stoo mifuko ya siku moja, tuseme 60, muihesabu wote wawili na kila mmoja aandike. Hata kijana akikimbia na vyote siku hiyo, hasara yako ni mifuko 60, mtaji wote haujaguswa. Hasara yenye mpaka unaoujua inakuruhusu kulala usingizi. Na siku ukiugua, mumeo au mtu mwingine wa nyumbani anafungua stoo kwa dakika 15, anahesabu, anafunga, biashara inaendelea.

Stoo yenyewe ipange ihesabike kwa macho. Mifuko ya kilo 25 ilale mitano kwa tabaka, mitatu upande huu na miwili ikikatiza, tabaka linalofuata ligeuzwe ili rundo lishikane. Matabaka 8 ni mifuko 40. Ukisimama mlangoni unaona marundo matatu kamili na moja lenye matabaka manne, basi ni 140, umemaliza. Rundo likae juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, hasa kuanzia Novemba mvua zikianza, kwa sababu unga ukivuta unyevu chini unaganda na kuoza, na kijana atalaumiwa kwa mifuko iliyoharibiwa na sakafu. Gari likifika, mmoja ahesabu mlangoni mwa gari, mwingine ahesabu ndani ya stoo, wasisemezane namba mpaka mfuko wa mwisho. Mifuko iliyochanika iwekwe kando na iandikwe dereva akiwa bado yupo. Akishaondoka, hiyo ni yako.

Vijana wako ni wawili, na hiyo ni bahati. Anayeshika pesa asiwe anayetoa mifuko. Mtoto wa dada yako akae kwenye pesa, yule mwingine atoe mzigo, na kila mmoja awe na daftari lake. Mteja analipa, anapewa kikaratasi chenye idadi, anakipeleka kwa anayetoa. Jioni vikaratasi vyote vinarudi. Daftari la pesa likisema mifuko mizima 28 na la mzigo likisema 30, unajua tatizo lipo kabla hujahesabu noti hata moja.

Hesabu yenyewe ni fupi. Asubuhi mifuko 60 dukani, jioni imebaki 19, kwa hiyo imetoka 41. Miwili ilifunguliwa kwa meka, iliyouzwa mizima ni 39. Tuseme bei ni faranga 45,000: pesa ya mifuko lazima iwe 1,755,000. Ongeza pesa ya meka, ongeza pesa ya chenji uliyoacha asubuhi, tuseme 50,000 katika noti za 500 na 1,000, toa matumizi yaliyoandikwa. Jumla hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa kwenye kasha. Hapa kuna jambo usilikosee: kijana ahesabu kwanza na aandike alichonacho kabla wewe hujamtajia inayotakiwa. Ukimtajia kwanza, kila siku itatimia, na hutajua ilitimiaje.

Meka inahitaji uangalifu zaidi, maana ndipo unga unapopotea bila mtu kuiba. Mkono mmoja unashindilia, mwingine unajaza kwa upole. Mmoja anakata kilele kwa ubao, mwingine anakiacha kama mlima kwa sababu mteja ni jirani yao. Kaa na vijana wako, mfungue mfuko, mpime mpaka uishe, mhesabu meka ngapi zimetoka. Fanyeni hivyo kwa mifuko mitatu, siku tofauti, mkono wa yule atakayeuza. Wastani wake ndio kipimo cha nyumba: kila mfuko unaofunguliwa lazima ulete pesa ya meka hizo. Na matabishi, ile nyongeza ya bure anayopewa mteja, yawe na kipimo chake pia, kikopo kidogo kimoja kwa wote, kisichozidi. Muuzaji anayegawa matabishi kwa mkono wazi anapendwa sana na wateja, kwa gharama yako.

Kwenye pesa, mwanya mkubwa wa hapa kwetu ni dola na faranga. Mteja analipa dola, kijana anapiga hesabu kwa kiwango cha sasa, anakuandikia kwa kiwango cha juzi, tofauti inabaki mfukoni. Au hana nia mbaya ila amechanganya. Dawa ni moja: kila asubuhi kiwango cha siku kiandikwe juu ya ukurasa wa daftari, na dola na faranga ziwe na safu zake mbili, kila pesa iandikwe kama ilivyoingia. Asibadilishe chochote kwenye kasha bila wewe. Mfundishe pia kukataa dola iliyochanika hata kidogo pembeni au yenye maandishi, maana ukimrudishia mteja kesho atasema si yake.

Malipo ya simu yaingie kwenye simu ya duka, isiyo ya mtu binafsi, na namba ya siri ya kutolea pesa uijue wewe peke yako. Kijana asitoe mzigo kwa kuona ujumbe kwenye simu ya mteja, wala kwa ujumbe ulioingia tu, kwa sababu ujumbe unaghushiwa. Aangalie salio limepanda au halikupanda. Ikiwa hawezi kuona salio bila namba ya siri, basi malipo yote ya simu yathibitishwe na wewe mpaka upate akaunti ya mfanyabiashara inayotenganisha kuona na kutoa.

Baada ya wiki mbili utakuwa na tofauti za kusoma. Zikiwa ndogo, leo pungufu 1,500, kesho ziada 700, hizo ni chenji, mtu anajifunza. Pungufu lililo sawasawa na bei ya mfuko mmoja, zaidi ya mara moja, ni mfuko uliotoka bila kikaratasi, kwa hiyo angalia daftari la mzigo. Na isipotokea tofauti hata siku moja kwa wiki tatu, usifurahi haraka. Duka la noti ndogondogo haliwezi kutimia kila siku; huenda ziada zinaondoka na pungufu zinafidiwa. Uliza kwa utulivu.

Sasa niseme lililo gumu kwako kuliko yote. Mkono unaovuruga hesabu za depo nyingi ni wa mwenye depo. Karo ya mtoto, mchango wa matanga, nauli, unafungua kasha unachukua, kwani si ni lako? Jioni kijana anapungukiwa na 80,000, hathubutu kukukumbusha kwa sababu wewe ni mama yake mdogo, na siku atakayotaka kuiba ameshajua kwamba hesabu ya nyumba hiyo haifungiki. Kuanzia sasa chochote unachochukua, pesa au mfuko wa kula nyumbani, unakiandikia boni, yaani karatasi ya kuchukulia, na kuweka sahihi, sawa na mtu mwingine yeyote. Jilipe kiasi maalumu kila mwezi, na zaidi ya hapo kiwe na karatasi. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na sheria hizo zinamtaka hata mfanyabiashara mdogo kabisa aandike siku kwa siku kilichoingia na kilichotoka, akitenganisha pesa taslimu na malipo mengine. Kwa hiyo daftari lina faida mbili, na hakuna atakayesema unamwandikia mtoto wa dada yako kwa kumshuku.

Wateja wakubwa, wale wenye mikahawa na wanaokwenda kuuza tena, wataendelea kukupigia wewe. Wapitie mmoja mmoja ukiwa na kijana, useme mbele yake: bei atakayokupa huyu ndiyo yangu. Mwandikie ruhusa yake, kwa mfano anayenunua mifuko 10 au zaidi apunguziwe faranga 500 kwa mfuko, na hakuna mkopo hata mmoja bila mimi. Halafu, Mama, akikataa punguzo na mteja akakupigia, usimpe. Ukimpa mara moja tu, kesho wote watakupigia, na kijana atakuwa anafungua mlango tu.

Anza katikati ya mwezi, wakati watu wengi hawajalipwa na msongamano ni mdogo. Wiki ya kwanza unauza wewe, yeye anaandika. Wiki ya pili anauza yeye, wewe umekaa hapo na mdomo umefunga. Utaona akifanya polepole, vumilia, usaidie tu pale pesa inapotaka kupotea. Wiki ya tatu ondoka kwa muda wa saa mbili mchana. Wiki ya nne mwachie siku nzima, siku yako ya Kasumbalesa. Piga simu saa saba na jioni baada ya kufunga, basi. Ukipiga kila nusu saa, atajifunza kukuuliza kila kitu, nawe utarudi nyumbani umechoka zaidi ya zamani. Akikosea, tafuta kanuni ipi ilikosekana, iandike, arudi kazini kesho. Kazi uliyoichukua tena kwa kosa la faranga 2,000 hutaiachia tena.

Mwisho, mlipe. Mtoto wa ndugu anayefanya kazi kwa chakula na "nitakukumbuka" atajikumbuka mwenyewe. Mwandikie mkataba wenye mshahara na tarehe ya kulipwa. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inaruhusu muda wa majaribio, mradi uandikwe na usizidi miezi 6, au mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi. Kaa na dada yako kabla ya kusaini, mumeo akiwepo, umweleze kazi ni ipi, hesabu inafungwaje, na nini kitafuata pesa ikipotea bila maelezo. Maneno hayo ni rahisi kuyasema sasa, wakati hakuna aliyemkosea mwenzake.