Chora kabla hujagusa ngoma

Wadogo zangu mnaoanza, juzi kijana mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, alinijia na swali lile lile: yaya (yaani mkubwa wangu), niache penseli nishike ngoma, au niache ngoma nishike penseli? Nikamwambia anioneshe mikono. Vidole vimevimba. Alikuwa ametoka mazoezini, na alipotoka kwangu alikuwa anakwenda kuchora sura ya mtu. Sikuhitaji kumuuliza zaidi.

Mimi somo hilo nililipia. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kazi ya kuchora maharusi kutoka kwenye picha ya simu. Jumamosi nikapiga ngoma matangani hadi kunakucha, Jumapili mchana nikakaa kumalizia macho ya bibi harusi. Kidole cha shahada kikawa kinatetemeka chenyewe. Nikachora, nikafuta, nikachora, nikafuta, mpaka karatasi ikaota manyoya. Mwenye kazi aliipokea kwa adabu, akalipa nusu. Napita kwao kila wiki na picha hiyo sijaiona ukutani hata leo.

Tangu hapo asubuhi ni ya penseli, jioni ni ya ngoma. Saa kumi na mbili na nusu mkono umetulia, mwanga wa dirishani haulipiwi, na umeme ukikatika haunisumbui. Macho, midomo na mistari ya kwanza ya uso nafanya saa hizo. Ikikulazimu kuchora baada ya kupiga, chagua sehemu zisizodai usahihi: nywele, kivuli cha ukuta, koti jeusi. Shika penseli laini, 4B au 6B, uiache HB, iliyo ngumu zaidi, uliyoichonga ikawa kama sindano. Nawa mikono kwanza kwa sabuni, ukauke kabisa, kisha weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja. Jasho la mpiga ngoma likigusa karatasi, mahali pale penseli inateleza au inaacha doa, na doa lile raba hailiwezi.

Majira nayo mjue namna ya kuishi nayo. Hapa Lubumbashi kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni kama hakuna, na vumbi jekundu linaingia hata ndani ya mkoba uliofungwa. Chembe moja chini ya penseli inaacha mkwaruzo usiofichika. Usiipanguse kwa kiganja, maana utaisugua ndani. Simamisha karatasi uigonge kwa nyuma. Ngoma ndiyo inayofurahia kipindi hicho. Ngozi ya mbuzi inakauka, inajivuta, mlio unapanda. Ila usiisahau juani, ngozi iliyovutwa kupita kiasi hupasuka.

Mvua zikishika, Novemba hivi, mambo yanageuka. Ngozi inanyonya unyevu, inalegea, unapiga katikati unasikia kama umepiga godoro. Ndipo tunaisogeza karibu na mbabula, jiko letu la makaa, si juu yake, tunaizungusha polepole huku tukiigonga kwa vidole kusikiliza imefika wapi. (Kwangu kuna kesi isiyokwisha: mbabula ni ya bukari, yaani ugali, au ya ngoma?) Karatasi pia inalewa unyevu. Ile nyembamba ya gramu 80 inafanya mawimbi. Ukipata nene, ya gramu 160 au 200, nunua hata chache, uzilaze kati ya mbao mbili.

Sasa kuna jambo ambalo lilinichukua miaka kuliona. Mwaka 1946, mji huu ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji ambayo watu waliizoea kwa jina la Hangar. Bela, mmoja wa wachoraji wa pale, alikuwa anapaka rangi kwa ncha za vidole, bila brashi. Mwenzake Mwenze Kibwanga alijaza wanyama na watu kwa mistari mifupi iliyolala pamoja, mmoja ubavuni mwa mwingine. Mchoraji anaitazama mistari ile anaona kivuli, mimi naisikia. Ni mpigo. Basi nikaanza zoezi hili, na sasa nawapa ninyi: gonga meza kwa vidole, hesabu sita, rudia mpaka mwendo ukae mwilini. Kisha chukua penseli, chora mistari ya kivuli kwa mwendo ule ule, sita, pumzika, sita. Ukiharakisha mistari inabanana na shavu la mtu linakuwa jeusi kabla ya wakati. Ukisitasita inaachana, shavu linatoboka. Sijaona njia nyingine inayomfundisha mtu kivuli laini haraka hivyo.

Kuhusu pesa nitasema machache. Ngoma inalipa usiku ule ule, hata kama ni kidogo. Picha inalipa mwenyewe akipenda. Kwa hiyo usichonge penseli kabla hujapokea nusu ya malipo. Majirani wakichoka na kelele, fanyia mazoezi juu ya mto au mapaja yako, mkono haujali.

Yule kijana anarudi Jumatatu saa moja asubuhi. Nimemwambia alete penseli mbili na wembe wa kuchongea. Ngoma aiache kwa mama yake.