Droni ya mizigo kutoka Mwanza hadi Ukerewe: anza na upepo, kilomita zitafuata

Kipeperushi cha muuzaji wa droni kina namba moja iliyoandikwa kwa herufi nene: kilomita. Anayetaka kupeleka dawa visiwani huishika namba hiyo, hufungua ramani, akaona Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe ndani ya Ziwa Victoria, haifiki hata kilomita 50 kutoka Mwanza mjini, akaagiza. Namba ile imepimwa upepo ukiwa umetulia, kwenye usawa wa bahari, betri ikiwa mpya, na mara nyingi bila mzigo. Ziwani hali hizo zote hazikutani.

Kwamba safari yenyewe inawezekana, hakuna ubishi. Mwaka 2018 DHL, shirika la Ujerumani GIZ na kampuni ya Wingcopter zilitangaza matokeo ya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa Ukerewe: kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, mzigo usiozidi kilo 4. Piga hesabu, utaona huo ni mwendo wa mita 25 kwa sekunde. Tuushike, maana ndio mwendo wa droni nyingi za aina hii.

Kwanza njia. Ukichora mstari ulionyooka kutoka katikati ya jiji hadi Nansio, unapita karibu juu kabisa ya Uwanja wa Ndege wa Mwanza kule Ilemela. Huko hupiti. Utapinda magharibi, uende juu ya maji, kisha ukate kaskazini, na utapanga saa zako na mnara wa kuongozea ndege. Kwa hiyo kilomita 49 za ramani zihesabu kuwa 55.

Sasa betri. Chukua droni ya mabawa inayopaa na kutua wima kwa mapanga manne, ikifika juu inasukumwa na panga la nyuma. Uzito wote ni kilo 25, mzigo wa kilo 4 ukiwemo. Betri ina seli 12 za lithiamu zilizofuatana, ampea-saa 22: yaani 12 × 3.7 × 22, karibu wati-saa 977. Mabawa yakiibeba, inakula kama wati 820. Ikining'inia kwa mapanga manne, inakula kama wati 5,500. Dakika moja na nusu ya kupaa na kutua, kwa jumla, imeshameza wati-saa 140 kabla hujahesabu safari. Muuzaji akishindwa kukupa namba hizi mbili, wati za mwendo na wati za kuning'inia, usifike kwenye mazungumzo ya bei.

Siku ya utulivu, kilomita 55 ni dakika 37, na safari nzima inatumia wati-saa 640. Ukipata upepo wa mbele wa mita 5 kwa sekunde, mwendo juu ya maji unashuka hadi mita 20, na matumizi yanafika 765. Upepo wa mita 10 unakupeleka kwenye 975. Linganisha na 977 iliyomo ndani ya betri. Kwa upepo huo droni yako itatua Nansio betri ikiwa tupu kabisa. Akiba ya asilimia 20 ni lazima, kwa hiyo ulichonacho kwa kweli ni wati-saa 780. Kwa droni hii na njia hii, mpaka wako ni upepo wa mbele wa mita 5. Uandike ukutani, na mkuu wa kituo asiwe na ruhusa ya kuupuuza eti kwa sababu kuna mgonjwa anasubiri.

Betri ikizeeka, mpaka unasogea. Wengi huistaafisha inapobaki na asilimia 80 ya uwezo wake, na kwa kazi za shambani hilo ni sawa. Kwa njia hii si sawa. Asilimia 80 ya 977 ni 780; ondoa akiba, unabaki na 625, ambazo hazitoshi hata siku ya utulivu. Betri ya Ukerewe ihamishiwe njia fupi ikishuka chini ya asilimia 90. Pima uwezo wake kila mwezi kwa chaja inayoonyesha ampea-saa zilizoingia, na uandike ukinzani wa kila seli. Seli moja ikianza kuachana na wenzake, pakiti nzima inatoka kazini, hata kama nyingine kumi na moja ni nzima.

Upepo wenyewe una ratiba. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, hewa inatoka pwani kwenda ziwani. Mchana mambo yanageuka: nchi kavu inachemka, upepo unatoka ziwani kuja Mwanza. Anayeruka saa 9 alasiri kwenda Nansio anaupokea usoni, na anayeruka saa 1 asubuhi mara nyingi anasukumwa. Kwa hiyo safari ya kwenda na mzigo iwe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, na ya kurudi na sampuli unaweza kuipeleka mchana. Kuna sharti moja. Ule upepo wa usiku unaotoka pande zote kwenda katikati ya ziwa ndio unaojenga mawingu ya radi, na radi za ziwani hupiga zaidi usiku na alfajiri. Nyakati za masika na vuli usiruke kwa sababu tu saa imefika. Subiri wingu liondoke majini. Soma utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wa Ziwa Victoria jioni na asubuhi, piga simu Nansio uulize anga ikoje, ndipo uamue. Juni hadi Septemba upepo wa kusi unaweza kuivuruga ratiba hii. Hapo kipima upepo kilichosimikwa juu ya mlingoti kila upande kina thamani kuliko kanuni.

Jambo wasilolitaja wauzaji ni kimo. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Kukiwa na nyuzi joto 28 au 30, hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko ile iliyotumika kwenye vipimo vya kiwandani. Kuning'inia kunataka nguvu zaidi kwa kama asilimia 10, na mwendo ambao chini yake mabawa yanaacha kubeba unapanda kwa kiasi hichohicho. Kipimo chake ni rahisi. Pakia mzigo kamili, panda mita 20, ning'inia dakika moja, soma kwenye skrini mota zinatumia asilimia ngapi ya nguvu yake. Ikizidi 65, punguza mzigo. Mota isiyo na akiba haina cha kujibu upepo wa ghafla ukija wakati wa kutua.

Kuhusu chaji: kuijaza betri hii kwa saa moja na kidogo kunataka zaidi ya kilowati moja. Jenereta ndogo ya duka haitaiweza. Chukua ya kVA 2 au zaidi. Lakini njia nzuri ni kuacha betri mbili za ziada Nansio, ikitua unabadilisha, ile iliyotumika inapoa kwanza hadi chini ya nyuzi 40 ndipo inachajiwa taratibu. Betri isiyoruka kesho ishushwe hadi volti 3.8 kwa kila seli. Ikiachwa imejaa siku nyingi ndani ya chumba cha bati kisicho na dari, itavimba, na iliyovimba hairuki tena. Ndoo ya mchanga iwepo karibu, na chaja isiachwe bila mtu.

Mzigo wa kilo 4 haumaanishi kilo 4 za dawa. Kisanduku cha kuhifadhi baridi kinachukua kama kilo 0.6, vibarafu viwili (pakiti za maji yaliyogandishwa) kilo 0.8, umebaki na 2.6. Chanjo zinataka nyuzi 2 hadi 8, na hapa kosa la kawaida ni baridi kuzidi, si joto. Kibarafu kilichotolewa moja kwa moja kwenye friza kikigusa chupa ya chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B, kinaigandisha, na chanjo hizo zikiganda zimeharibika. Acha kibarafu nje hadi ukikitikisa usikie maji yanacheza ndani, weka kadibodi katikati, na kipima joto kinachorekodi kisafiri pamoja na dawa. Kisanduku kikae kwenye kitovu cha uzito wa ndege. Kwenda umebeba kilo 4 na kurudi na nusu kilo ya makohozi kusibadilishe mlalo wa pua yake. Kama kunabadilisha, sanduku limewekwa mahali pasipo pake.

Chagua pia cha kubeba. Katoni za dawa za kawaida na mabomba ya sindano zipande kivuko, ni bei nafuu na hazina haraka. Droni ni ya damu, dawa ya sumu ya nyoka, dawa zilizokwisha ghafla, na sampuli za maabara zinazorudi mjini. Hizo sampuli ndizo zinazofanya ndege ya kutua iwe bora hapa kuliko ile ya kudondosha kwa parachuti kama inavyofanya kampuni ya Zipline nchini Rwanda tangu 2016. Parachuti inapeleka tu, haichukui.

Mawasiliano juu ya maji yana hila zake. Antena ikiwa kwenye nguzo ya mita 3 na droni mita 100 juu, mzingo wa dunia unakata redio karibu kilomita 48. Njia yako ni 55. Vilima vya mawe vya Mwanza vinakusaidia bure: panda antena mita 60 juu ya maji na upeo unapita kilomita 70. Maji yaliyotulia nayo hurudisha mawimbi ya redio, yale yaliyoruka juu ya uso yanakutana na yaliyokuja moja kwa moja, yanauana. Ndiyo maana mawasiliano hukatika kwa sekunde kadhaa mahali palepale kila siku. Tumia antena mbili za vimo tofauti. Ongeza modemu yenye laini mbili za mitandao tofauti, bila kuitegemea katikati ya ziwa.

Mpango wa kukatika mawasiliano uwekwe mapema, na usiuweke nusu ya njia. Kwa upepo wa mbele wa mita 5, kurudi ni mita 30 kwa sekunde na kuendelea ni mita 20. Mahali ambapo kurudi na kuendelea kunachukua muda uleule ni kilomita 33 kutoka Mwanza, si 27.5. Kabla ya hapo irudi, baada ya hapo iendelee. Namba hiyo inabadilishwa kila asubuhi kulingana na upepo. Na zima matumizi ya kipima kimo cha leza juu ya ziwa: maji laini hayarudishi mwanga vizuri, ndege inaweza kudhani iko juu zaidi au chini zaidi ya ilipo. Kimo cha njiani kitoke kwenye kipima mgandamizo wa hewa na GPS, leza iamke ikishafika juu ya ardhi.

Kuna wadudu. Wale wanaoinuka ziwani kama moshi mweusi wakati wa mwezi mchanga wanaingia kwenye kijibomba cha mbele kinachopima mwendo wa hewa. Kikiziba nusu, kompyuta inaona ndege inakwenda polepole, inaongeza nguvu, na betri inaisha kabla ya Nansio bila mtu kuelewa kwa nini. Kifunike hadi dakika ya mwisho, kikague kila inapotua. Usipulize kwa mdomo kikiwa kimeunganishwa, utaua kihisio. Usipaishie karibu na mialo (fukwe za wavuvi) inayoanikwa dagaa au inayoshusha sangara, kwani mwewe na korongo wa mwalo wa Kirumba, Mwanza, hawaogopi kitu.

Vibali vinatafutwa kabla ya kununua. Unahitaji kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na cha Wizara ya Ulinzi, na kuruka mbali na macho ya rubani kunaombewa ruhusa yake. Droni iliyofika bila karatasi inakaa forodhani, na betri zake, kwa kuwa zinazidi wati-saa 160, hazipandi ndege ya abiria kama begi la mtu.

Upande wa Nansio wafundishe watu watatu, maana muuguzi mmoja ana likizo na ana zamu. Uwanja uwe wa zege, mita 5 kwa 5, na duara la mita 15 lisilo na mtu. Mchanga mtupu utaingia kwenye mota. Mpokeaji ajifunze mfuatano mmoja tu: mapanga yamesimama, chomoa betri, ndipo ufungue sanduku.

Halafu zungumza na viongozi wa mialo na wavuvi wa njia nzima. Bandika namba ya simu juu na chini ya mabawa kwa rangi isiyotoka kwenye maji, jaza povu kwenye mkia ili ielee, na kubalianeni mapema malipo ya mafuta ya injini kwa atakayeivuta. Waambie wasiichomoe betri iliyolowa na wasiilaze ndani ya mtumbwi wa mbao. Waifunge kamba, waivute nyuma hadi mwaloni, waiache mchangani mbali na nyavu hadi mafundi wafike.