Mipangilio ya Windows inayojifunga yenyewe: tafuta ugonjwa ulipo kabla ya kupiga Windows upya

Ndugu yangu wa Buhongwa, nimesoma maelezo yako kwa makini. Umesema kompyuta yako ya mezani yenye Windows 10 inawaka vizuri, Word na Excel zinafunguka bila shida, lakini kila ukibofya Mipangilio, ile programu yenye alama ya gurudumu la meno, dirisha linatokea kwa sekunde moja au mbili kisha linajifunga bila ujumbe wowote. Fundi amekuambia kwamba dawa ni kupiga Windows upya, nawe una hofu kwa sababu kazi zako zote za miaka minne zimo humo. Nakusihi usikubali bado. Ninaendesha duka la steshenari na matengenezo ya kompyuta hapa Kirumba, Mwanza, tatizo hili nimekutana nalo mara nyingi, na katika mashine nyingi nilizozipokea haikuwa lazima kufuta chochote.

Kwanza kabisa nakili kazi zako kwenye diski ya nje, leo hii, kabla ya kugusa kitu kingine. Sitalirudia hili.

Mipangilio ni programu kama programu nyingine. Faili lake linaitwa SystemSettings.exe, na linakaa ndani ya folda ya ImmersiveControlPanel iliyomo katika folda ya Windows. Likifunguka linasoma vitu vya aina mbili: faili za mfumo, ambazo ni za kompyuta nzima, na kumbukumbu za mtumiaji, ambazo ni za akaunti yako peke yako. Ugonjwa ukiwa upande mmoja, dawa ya upande wa pili haitakusaidia hata ukiirudia mara kumi. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda siku nzima akiendesha amri alizozikuta mtandaoni na asipate nafuu: anatibu mguu wakati jino ndilo linalouma.

Anza na jaribio dogo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika ms-settings:about kisha bonyeza Enter. Amri hiyo inafungua ukurasa mmoja tu wa Mipangilio bila kupitia ukurasa wa mwanzo. Jaribu pia ms-settings:display, halafu ms-settings:bluetooth. Zikifunguka mbili na ya tatu ikajifunga, basi programu yenyewe ni nzima na kuna ukurasa mmoja unaoiangusha, mara nyingi kwa sababu ya draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa, ya kifaa kinachohusika na ukurasa huo. Hapo kazi yako ni kuisasisha draiva hiyo au kuiondoa na kuiweka upya. Zikijifunga zote, endelea na hatua inayofuata, ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Fungua akaunti mpya ya mtumiaji. Kwa kuwa Mipangilio haifunguki, tumia dirisha jeusi la amri: andika cmd kwenye menyu ya Start, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuliendesha kwa mamlaka ya msimamizi. Kisha andika net user jaribio /add na ubonyeze Enter. Toka kwenye akaunti yako, ingia kwenye hiyo mpya inayoitwa jaribio, ambayo haina nenosiri, na ufungue Mipangilio.

Mwalimu mmoja wa Nyegezi aliniletea kompyuta mpakato yenye dalili hizihizi baada ya kuzunguka nayo kwa mafundi wawili. Katika akaunti ya jaribio Mipangilio ilifunguka mara moja, ikatulia, nikazunguka kurasa zote bila tatizo. Tulijua palepale kwamba mfumo ni mzima na kilichoharibika ni kumbukumbu za akaunti yake. Niliirudisha akaunti ile ya zamani kwa kuisajili upya programu ya Mipangilio kwa amri ya PowerShell, dirisha jingine la amri unalolipata kwa kuandika jina hilo kwenye menyu ya Start, na kazi haikufika nusu saa. Amri yenyewe, ambayo unaiandika ukiwa ndani ya akaunti yenye tatizo, ni hii:

Get-AppxPackage windows.immersivecontrolpanel | % {Add-AppxPackage -DisableDevelopmentMode -Register "$($_.InstallLocation)\AppxManifest.xml"}

Ikishindikana, hamia kwenye akaunti mpya moja kwa moja, baada ya kuipa mamlaka ya msimamizi kwa amri ya net localgroup Administrators jaribio /add. Hamisha nyaraka, picha na vilivyomo kwenye Desktop. Usihamishe folda ya AppData, kwa kuwa humo ndimo kumbukumbu mbovu zinamokaa, na ukiibeba nzima utakuwa umehama na ugonjwa wako.

Ikiwa akaunti mpya nayo inagoma, tatizo ni la mfumo, na hapa nina kisa cha pili. Mhasibu wa kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa alivuka na kivuko kutoka Nansio akiwa amebeba kompyuta yake ya mezani, ameifunga kwa kanga mbili isipate mikwaruzo. Nilipoifungua nilikuta feni imejaa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kama moshi, wamekauka na kushikamana na vumbi. Niliisafisha, lakini nilimweleza wazi kwamba hiyo siyo sababu, kwa kuwa joto likizidi huzima kompyuta nzima au huifanya izubae, haliendi kuchagua programu moja. Kwenye daftari la matukio la Windows, unalolifungua kwa kuandika eventvwr.msc, nilikuta tukio namba 1000 likirudiarudia kila alipojaribu kufungua Mipangilio. Lilitaja SystemSettings.exe, likataja faili la Windows.UI.Xaml.dll kuwa mahali pa kosa, pamoja na namba 0xc000027b. Usidanganyike ukiona hivyo ukaanza kutafuta faili hilo mtandaoni ili ulibadilishe. Namba hiyo inamaanisha kwamba kosa lilitokea mapema mahali pengine, likahifadhiwa, kisha likatangazwa hapo, kwa hiyo faili linalotajwa huwa ni mleta habari tu.

Alipoulizwa, mhasibu alisema ofisini kwao umeme hukatika ghafla na hawana UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme kwa muda. Umeme ukikatika wakati Windows inaandika masasisho kwenye diski, faili za mfumo zinaweza kubaki nusunusu. Dawa yake ni amri mbili, na mpangilio wake una maana. Ya kwanza ni DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ya pili ni sfc /scannow, zote katika dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi. Wengi huanza na sfc, ambayo hukagua faili za mfumo na kubadilisha zilizoharibika kwa kuchukua nakala nzima kutoka ghala la Windows. Lakini ghala lenyewe likiwa limeharibika, sfc haina pa kuchukua, nayo itakuambia imekuta faili mbovu na imeshindwa kuzitengeneza. DISM ndiyo inayotengeneza ghala, kwa kupakua vipande vinavyokosekana kutoka Microsoft, kwa hiyo hakikisha una bando la kutosha. Neno Online lililomo ndani ya amri halihusu intaneti, linamaanisha Windows inayoendeshwa wakati huo.

Kwenye mashine ya yule mhasibu DISM ilifika asilimia 62.3 ikasimama. Dakika kumi, ishirini, namba haibadiliki, naye akanitazama kwa wasiwasi kwa sababu kivuko cha kurudi kilikuwa kinakaribia. Tuliiacha. Baada ya kama dakika arobaini ikasogea, ikamaliza, sfc ikatengeneza zilizobaki, tukawasha upya na Mipangilio ikafunguka. Nakueleza hili kwa sababu hapo ndipo watu wengi hulifunga dirisha wakidhani imekwama.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu kwamba tatizo limerudi, na hilo ndilo lililonifundisha kutoruka diski. Faili za mfumo zikitengenezwa zikaharibika tena, chunguza diski kabla ya chochote. Niliipima kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikaonyesha alama ya njano na sekta mbovu. Tulinakili diski yote kwenye SSD mpya, tukarudia amri zile mbili, na haijarudi tena. Kama ningelikimbilia kupiga Windows upya juu ya diski ile, angelipa ufundi leo na kulipa tena mwezi ujao, huku nyaraka zake zikiendelea kukaa mahali panapooza.

DISM ikikataa kabisa, huenda Windows uliyonayo ni ile iliyopunguzwa vitu ili iwe nyepesi, ambayo husambazwa kwa flashi huku na kule. Nyingi kati ya hizo zimeondolewa ghala la matengenezo, hivyo haziponi kwa njia hii. Kama ni Windows kamili, bado ipo njia ya kuikarabati kwa faili la ISO, yaani nakala ya Windows yote katika faili moja, kutoka tovuti ya Microsoft: lifungue ukiwa ndani ya Windows yenyewe, endesha setup.exe, na uchague kubaki na faili na programu zako. Chaguo hilo lisipotokea, au likiwa limefifia, simama hapo hapo wala usiendelee.

Fanya jaribio la akaunti mpya jioni ya leo, kisha uniandikie hapa kama Mipangilio imefunguka humo au la, pamoja na nafasi iliyobaki kwenye diski C.