Upote wa upinde wa mti: nailoni au Dacron?
Umeuliza kama nailoni ya wavuvi inafaa kuwa upote, yaani kamba, wa upinde wa mti unaovutwa kwa nguvu ya kilo 20. Sikushauri uitumie, kwa kuwa nailoni hurefuka sana inapovutwa, na nguvu iliyopaswa kuusukuma mshale hupotea katika kunyumbuka kwake.

Chukua Dacron, ambayo ni poliesta inayonyumbuka kidogo tu, kiasi cha kuupunguzia mti mshtuko kila unapoachia mshale. Upote wote uweze kubeba angalau mara 4 ya nguvu ya kuvuta, yaani kilo 80 kwa upinde wako. Nyuzi 12 za Dacron ya kawaida huvuka kiwango hicho kwa mbali, na unene wake hukaa vizuri katika mkato wa mshale. Zipake nta ya nyuki, kisha zisugue kwa vidole mpaka nta ipate joto na kuzama, nyuzi zishikamane kama kamba moja.

Dyneema, uzi mwembamba na imara sana wa polithini, hurusha mshale kwa kasi zaidi, lakini hainyumbuki, na kwa wembamba wake inaweza kuzikata ncha za mti ambazo hazijaongezwa pembe ya mnyama au mbao ngumu.

Ukipenda asili, Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hutumia kano za wanyama, nazo ni imara kweli, ila zikilowa hulegea, kwa hiyo msimu wa mvua ziweke pakavu.

Kabla ya yote, pitisha kidole ndani ya mikato ya ncha zote mbili: ukali mdogo tu hapo hukata upote wowote.