Kupunguza kovu la usoni kwa leza: je, ni kubadili maumbile?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nilimwagikiwa na mafuta ya moto nikiwa na miaka 12, nikabaki na kovu shavuni linaloshuka mpaka shingoni. Daktari wa ngozi ameniambia linaweza kupunguzwa kwa leza. Mama mkwe wangu amenikataza, anasema ni kubadili alivyoumba Mwenyezi Mungu na kwamba wafanyao hivyo wamelaaniwa. Nikifanya nitakuwa nimepata dhambi? Na udhu wangu utakuwaje wakati ngozi haijapona?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, kwanza usimchukie mama mkwe wako. Hakulitoa neno lake hewani. Sura ya 4, aya ya 119, inataja ahadi ya Shetani kwamba atawaamrisha watu nao watabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Na Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Masud, Mwenyezi Mungu amridhie, laana juu ya wanawake wanaochanja chale za mapambo, wanaonyonyoa nyusi na wanaochonga mwanya wa meno.

Lakini Hadithi isomwe mpaka mwisho. Wachonga mwanya wametajwa pamoja na neno *lil-husni*, yaani kwa ajili ya kutafuta uzuri. Imam Nawawi, katika ufafanuzi wake wa Sahih Muslim, amelishika neno hilo akasema kuwa kilichoharamishwa ni kufanya kwa kutaka uzuri. Ama mwenye kuhitaji kwa matibabu au kwa sababu ya aibu iliyo kwenye jino, hakuna ubaya.

Sasa jiulize: hilo kovu uliumbwa nalo? Ulizaliwa na shavu zima. Yaliyolibadilisha ni mafuta ya moto. Anayelitibu anajaribu kulirudisha karibu na lilivyokuwa, na kurudisha si kubadili.

Dalili iliyo wazi zaidi ni kisa cha Arfaja bin As'ad. Pua yake ilikatika katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akajiwekea pua ya fedha, ikanuka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha aweke ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, nawe unalijua hilo, na bado aliruhusiwa ili aondokane na aibu ya uso na harufu. Basi mwanga unaopita juu ya ngozi bila kuacha kitu cha haramu mwilini una shaka gani? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu nalo, katika kikao chake cha mwaka 2007 huko Putrajaya, Malaysia, liliruhusu kurekebisha kasoro zilizotokana na kuungua, ajali na maradhi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: hupati dhambi. Wala huhitaji kuthibitisha kuwa kovu linauma. Dhiki ya moyo ya mtu anayejificha uso kila siku ni dhiki.

Ninachokuhofia mimi ni kingine, nacho ni kanuni ya "hakuna kudhuru wala kudhuriana". Kabla ya kuandika haya nilikwenda kumuuliza daktari wa ngozi, kwa sababu sheikh akihalalisha jambo asilolijua huwa anakisia tu. Alinieleza kuwa leza zinatofautiana. Ipo ile ya kaboni dayoksaidi, inayochoma vitundu vidogo sana na kuacha ngozi nzima kati yake, ili mwili ujenge kolajeni mpya, yaani protini inayoipa ngozi uimara. Hiyo hutumika sana kwa makovu ya zamani yaliyokakamaa na kwa mashimo ya chunusi. Ipo nyingine inayolenga damu, nayo ni ya makovu ambayo bado ni mekundu. Hakuna inayofuta kovu kabisa. Linalainika, linafifia, na kwa kawaida ni baada ya kurudi mara kadhaa, kwa wiki kadhaa kati ya kila mara.

Kama ngozi yako ni nyeusi, hapa tulia. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hufyonza mwanga wa baadhi ya leza, na joto lenyewe linaweza kuacha mabaka meusi yatakayokusumbua kuliko kovu. Muulize daktari waziwazi: umewatibu wenye ngozi kama yangu? Utajaribu sehemu ndogo kwanza? Na kama una kiloidi, yale makovu yanayovimba na kuvuka mipaka ya jeraha, mwambie mapema, maana leza peke yake mara nyingi haiyamalizi na kuchoma ngozi kunaweza kuyachochea. Mtaalamu mwaminifu akikwambia kwamba madhara yatazidi faida, basi ruhusa niliyokupa haikuhusu tena.

Usikope mkopo wa riba kwa ajili ya hili. Daktari wa kike akipatikana ndiye bora, hasa kwa sehemu ya shingoni. Asipopatikana, wa kiume anafaa kwa kiasi cha haja, na mahramu wako awepo.

Kuhusu udhu: sehemu nzima za uso zioshe kama kawaida. Iliyotibiwa, ikiwa maji yataidhuru au daktari ameyakataza, usiioshe. Ikiwa ina bandeji, pangusa juu yake kwa mkono wenye maji. Katika madhehebu ya Shafii utaongeza na tayammamu, yaani kujipangusa kwa udongo safi, kwa ajili ya sehemu hiyo, ila usijipake vumbi kwenye kidonda kibichi. Ngozi ikifunga na daktari akiruhusu maji, unarudi kwenye kuosha. Na krimu ya ganzi inayopakwa juu ya ngozi haifunguzi saumu, ikiwa miadi yako itaangukia Ramadhani.

Mama mkwe wako msomee kisa cha Arfaja, kwa upole. Wallahu aalam.