Kwa Anayetaka Kuchunguza Diski za Nyota Changa Akiwa Dodoma

Mwanafunzi mmoja wa fizikia hapa Dodoma ameniandikia akiuliza kama mtu asiye na darubini anaweza kutafiti diski za gesi na vumbi ambamo sayari huzaliwa. Swali hilo niliwahi kuulizwa kwa dharau na mjumbe wa jopo lililopitia pendekezo langu la shahada ya uzamili, na maneno yake bado yananiuma, ingawa mwezi huu tasnifu yangu imepitishwa bila marekebisho makubwa.

Anaweza. Vipimo vya darubini ya angani ya Spitzer, iliyorushwa mwaka 2003, viko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na vile vya darubini ya James Webb hufunguliwa pia, mara nyingi baada ya muda wa hadi mwaka mmoja.

Anza na spektra, yaani mchoro unaoonyesha ukali wa mwanga kwa kila urefu wa wimbi, na utazame kilima cha mikromita 10. Hapo hung'aa punje za silikati, yaani vumbi la madini ya mawe, zenye joto la kelvini 300 hivi, ambalo ni joto la mchana wa kawaida hapa kwetu. Punje zikiwa ndogo, kilima huchongoka. Zikishikamana na kukua, hupungua kimo na kuwa bapa. Kinundu kikitokeza karibu na mikromita 11, hiyo ni fosteriti, silikati ya fuwele inayohitaji joto kali ili iundike. Mwaka 2008, nyota changa EX Lupi ilipong'aa ghafla, Spitzer iliona fuwele ambazo hazikuonekana hapo awali.

Nyota iliyonifunza zaidi ni CoKu Tau/4, katika kundi la Fahali, upande ule ule wa anga ilipo Kilimia. Spektra yake haina mwanga wa ziada juu ya ule wa nyota yenyewe hadi karibu mikromita 8, kisha inapanda kwa kasi, kwa kuwa vumbi la moto la ndani halipo. Ilidhaniwa kwamba sayari ndiyo iliyolifagia, mpaka mwaka 2008 ilipobainika kwamba katikati kuna nyota mbili. Kwa hiyo nasisitiza: toa mwanga wa nyota, uitazame spektra kwa macho yako, ujiulize vumbi liko wapi na lina joto gani, ndipo ufungue programu ya modeli, ile inayoiga diski kwa hesabu. Tusikimbilie modeli, vijana wenzangu. Tuitazame spektra kwanza.

Ukimaliza hapo, chukua nyota changa nyingine, GM Aurigae. Nayo ina uwazi mkubwa ndani ya diski, lakini kilima chake cha mikromita 10 kimesimama wazi. Niandikie unavyoieleza tofauti hiyo.